Rejeta ya Land Rover ya Ami na Maji ya Kisima

Land Rover ninayoizungumzia ni Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya inchi 109 baina ya ekseli mbili, yenye injini ya petroli ya silinda nne na sentimita za ujazo 2286. Ami yangu aliitumia miaka mingi kusomba samaki na boriti za mikoko, na kwa kuwa yeye ni mtu wa mji wa Lamu, ambako punda ndiye mwenye njia, gari lenyewe liliishi Mokowe, upande wa bara, hatua chache kutoka gatini, likipigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Macho yake yalipoanza kumsumbua alinikabidhi ufunguo na agizo moja: "Litunze, mwanangu, na usilinyime maji." Nikalileta Malindi, nikaliegesha chini ya mwarobaini nyumbani kwetu Shela, na agizo la maji nikalitimiza kwa uaminifu mkubwa. Makosa yangu yalianzia hapo, kwa kuwa sikuuliza maji gani.

Malindi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu, yawe matamu au ya chumvi, yamepita katika mwamba huo yakabeba chokaa. Anayetaka ushahidi na atazame ndani ya birika la chai la nyumba yenye kisima: ganda jeupe lililoshika pembeni ndilo hilo hilo linaloshika ndani ya mirija ya rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopooza maji ya injini, ila huko halionekani, wala hakuna wa kulikwangua kwa kijiko. Nilipolichukua gari lilikuwa likivuja kidogo tu, matone ya rangi ya kutu juu ya mchanga kila asubuhi, nami nikawa naongeza kopo moja la maji ya kisima kabla ya kwenda shuleni ninakofundisha, halafu makopo mawili, halafu nusu ndoo. Nilijiona mtu mwangalifu. Leo nafahamu kwamba gari lisilovuja huzungusha maji yale yale, na chokaa iliyomo ikishaganda hakuna nyingine ya kuifuata, lakini gari linalovuja na kuongezewa maji ya kisima hulishwa chokaa mpya, na hewa mpya ya kuleta kutu, kila siku ya Mungu. Tundu lile lile lililokuwa likitoa maji ndilo lililokuwa likiiziba rejeta.

Jirani yangu, dereva wa zamani wa malori, alinishauri nitie vijiko vitatu vya bizari ya manjano. Dawa hiyo inajulikana na madereva wengi, pamoja na ute wa yai na pilipili manga ya kusaga, na sina budi kukiri kwamba inafanya kazi kwa namna yake: unga huvimba, maji huusukuma hadi kwenye ufa, ukakwama pale, na matone yakakoma. Yangu yalikoma kwa siku kumi na moja, nikafurahi hata nikawahadithia walimu wenzangu. Bahati mbaya unga haujui lipi ni tundu la kuvujia na lipi ni tundu la mrija, bali hukwama popote palipo pembamba, na mirija ya rejeta ni bapa, nafasi yake ya ndani ni ya milimita mbili hivi. Mtu aliyeharibikiwa njiani kuelekea Garsen na jua linatua nitamwelewa akitia bizari. Mimi gari langu lilikuwa limeegeshwa nyumbani, na mafundi wako umbali wa kutembea kwa miguu. Ulikuwa ni uvivu, wala sina jina jingine la kuupa.

Joto lilipoanza kupanda nilikwenda kwa fundi mmoja wa mjini, naye bila ya kupima chochote akaifungua nyumba ya thamostati, vali ndogo inayoyazuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, akaing'oa thamostati yenyewe na kuitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Hoja yake ilinivutia: kidude hicho kimetengenezwa kwa ajili ya Wazungu na baridi yao, sisi wa pwani tunataka maji yapite muda wote. Hoja hiyo bado naisikia kila gereji, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu kidogo. Kazi ya thamostati ni kuifikisha injini kwenye joto ambalo vyuma vyake vimepimiwa na kuishikilia hapo; injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula petroli nyingi, huchafua oili na kulika mapema. Pamoja na hayo, katika injini hii kuna kimpira kifupi kinachounganisha nyumba ya thamostati na pampu ya maji, na thamostati ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hujizungukia kwa njia hiyo ya mkato na kurudi kwenye injini bila ya kuonana na rejeta kabisa. Kwa wiki kadhaa geji ya joto ilisoma chini kuliko mwanzo na mimi nikaamini kwamba tumepona, kumbe tumeondoa mlinzi aliyekuwa akinipigia kelele.

Jumamosi moja ya Februari, kaskazi ikiwa imekolea, niliwachukua watoto wa ami waliokuja kutoka Lamu kwenda Marafa kuangalia Nyari, yale makorongo mekundu ambayo watalii huyaita jiko la jehanamu. Tulivuka daraja la Sabaki vizuri, tukaipita Mambrui, tukaingia barabara ya vumbi. Baada ya mwendo wa robo saa hivi mshale wa geji ulipanda ukafika kwenye alama nyekundu, na kabla sijaamua la kufanya ukashuka wenyewe, polepole, hadi chini kabisa. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti. Nikaendelea kwa kilomita sita nyingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu kuliko zote. Kihisio cha geji hupima joto la maji kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha hubaki kikining'inia katika mvuke na hewa, na mshale unaweza kuanguka wakati ambapo injini ndiyo inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla bila ya wewe kupunguza mwendo wala kufanya jambo lolote, zima injini pale pale ulipo, hata kama ni katikati ya barabara. Mimi nilisubiri hadi injini ilipoanza kugonga na harufu kama ya rangi inayoungua ikajaa ndani.

Nilifungua boneti, nikaizungushia mkono kikoi changu, nikakifungua kifuniko cha rejeta. Mvuke ulitoka kwa kishindo na ukanibabua kuanzia kiwiko hadi kiganja, na kovu ninalo. Katika mfumo huu kifuniko kimewekwa kizuie hadi msukumo wa ratili 9 kwa kila inchi ya mraba, na kwa msukumo huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 114; ukikifungua, msukumo unatoweka kwa mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka ghafla, sehemu yake ikigeuka mvuke papo hapo. Kikoi hakizuii kitu hicho. Ngojeni nusu saa, saa nzima ikibidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuminywa kwa mkono mtupu.

Mama mmoja wa Kigiriama kutoka boma la jirani alituletea dumu la maji la lita ishirini ambalo mwanawe alikuwa amelisukuma kwa baiskeli kutoka mbali, na alipoona nimelishika kuelekea kwenye injini aliniuliza, "Baba, yote utalinywesha gari?" Niliona haya, lakini nilimwagia. Nilimwagia papo hapo, maji baridi juu ya chuma cha moto, jambo ambalo lingeweza kuipasua hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachozifunika silinda kwa juu, maana chuma cha kusubu hakistahimili kupoa ghafla namna hiyo. Haikupasuka, lakini si kwa werevu wangu. Injini ilipowaka tena, mapovu yalikuwa yakipanda kwenye mdomo wa rejeta mfululizo kama ya sufuria ya uji, na hiyo ilikuwa na maana moja: gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya hedi na mwili wa injini, imeungua na moshi wa silinda unasukumwa ndani ya maji. Kanta ya mtu aliyekuwa akirudi mjini ilituvuta kwa shilingi 4,000.

Hatua iliyofuata haihitaji maneno mengi. Gasketi na viambatanisho vyake shilingi 5,200, kuinyoosha hedi kwenye mashine shilingi 4,000, ufundi shilingi 6,000. Kazi hiyo ilifanywa vizuri na sina malalamiko nayo. Lalamiko langu ni rejeta, kwa sababu nilimwachia mtu wa pili, aliyeniahidi kiini kipya, yaani ile sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi, kwa shilingi 7,500, nayo ikarudi siku ya pili ikimetameta kwa rangi nyeusi. Nililipa bila ya kuichungulia. Wiki tatu baadaye, nikiwa kwenye foleni karibu na soko, mshale ulipanda tena, na safari hii nilizima mara moja. Injini ilipopoa nilichungulia kwa tochi kwenye mdomo wa rejeta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaitazama mirija ya rejeta: mingi ilikuwa imefunikwa kwa madonge ya risasi ya kulehemu. Fundi hakubadilisha chochote. Aliiziba mirija iliyokuwa ikivuja, akaifanya mifu, akapaka rangi nene juu ya mapezi, rangi ambayo nayo inalizuia joto kutoka. Rejeta haikuvuja tena, hilo ni kweli, kwa kuwa karibu theluthi moja yake haikuwa na maji.

Nilikwenda Mombasa kwa matatu nikiwa nimeipakata rejeta kwenye gunia, kama mtu anayempeleka mgonjwa. Niliambiwa kuna mzee anayezijua rejeta za shaba tangu ujana wake, na nilimkuta amekaa juu ya kibao kando ya pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji. Hakuniuliza ninataka nini. Aliziba tundu la chini kwa kiganja, akaijaza rejeta maji hadi juu, kisha akaachia. Maji ya rejeta nzima hutoka kwa mporomoko mmoja. Yangu yalitoka kama ya birika la kunawia mikono. Akawasha moto, akalegeza lehemu kuzunguka tangi la juu, akalibandua kama mtu anayefunua chungu, na ndani kulikuwa na ganda la kijivu la unene wa ganda la yai, na kwenye midomo ya mirija, mistari ya rangi ambayo niliitambua mara moja. Mzee alichukua kidogo kwa ukucha, akanusa, akanitazama. "Mwalimu," akasema, "humu ulipika biriani?"

Kisha akanionyesha mapezi. Alipitisha kidole gumba juu yake bila ya kubonyeza, na mapezi yakameguka na kudondoka kama majani makavu, yakiacha unga wa kijani kwenye ngozi yake. Ndiyo kazi ya upepo wa Mokowe. Pezi la shaba hufanya kazi pale tu linapokuwa limeshikana na mrija, na chumvi ilikuwa imekula mashikio hayo miaka kwa miaka, kiasi kwamba hata mirija ingekuwa wazi yote, joto lingekwama ndani likikosa pa kutokea. Aliniambia kwamba ningeweza kuyajua haya nyumbani bila ya kulipa hata senti: unaiwasha injini mpaka ipate moto, unaizima, kisha unapitisha kiganja mbele ya rejeta kutoka upande hadi upande, na palipo baridi ndipo maji hayafiki. Uangalie tu kwamba injini imezimwa na feni imesimama.

Alinipa njia tatu. Ya kwanza ni kuifungua matangi yote mawili na kupitisha fito bapa za chuma katika kila mrija, kwa shilingi 5,000, lakini kwa mapezi yale alikataa kabisa kuchukua fedha zangu. Ya pili ni kuweka kiini kipya cha shaba na kurudisha matangi yangu ya zamani, kwa shilingi 22,000. Ya tatu ni kununua rejeta mpya ya aluminiamu, ambayo dukani ilikuwa shilingi 31,000 na ingebidi itengenezewe vishikio vipya. Nilitumia usiku mzima kwa dada yangu Kisauni nikiyapima haya, maana marafiki zangu wote wenye magari walikuwa upande wa aluminiamu, nyepesi, mpya, yenye kung'aa. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko aluminiamu. Hilo ni la kitabu, na watengenezaji wa magari walihamia aluminiamu kwa sababu ya uzito na gharama zaidi ya sababu nyingine yoyote, nao hufidia kwa mirija mipana. Kilichoniamulia mimi ni mambo mawili ya kwetu. Chumvi inayopatikana katika maji na hewa ya pwani huitoboa aluminiamu vitundu vidogo vidogo, na mwenye nayo hana ruhusa ya kukosea maji hata mara moja. Na siku itakapotoboka, nikiwa Witu au Kakoneni, rejeta ya shaba nitampata wa kuilehemu, ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki nitaifunga kwenye gunia. Mtu anayeendesha lami tu na kununua maji ya rejeta ya kweli, yale ya chupa yenye dawa ya kuzuia kutu, bila ya kuchoka anaweza kuamua kinyume changu na akawa sawa.

Jambo jingine, mzee alinikataza kuongeza safu za mirija kuliko ilivyokuwa. Nilidhani safu nyingi ni bora zaidi, lakini hewa inayoifikia safu ya mwisho imekwisha kupashwa moto na zile za mbele, na inapita kwa shida. Matangi yangu aliyasugua kwa ukwaju, kama bibi zetu wanavyosugua sinia za shaba kabla ya harusi, na yalipotoka yalikuwa mazuri mno hata nikaona uchungu kuyapaka rangi.

Aliponikabidhi kazi yake siku nne baadaye, aliniwekea sharti. "Ukiifunga kwenye injini chafu, mwalimu, tutaonana tena, na sitakupunguzia bei." Injini hii ina bilula mbili za kutolea maji, moja chini ya rejeta na nyingine pembeni mwa bloku, yaani mwili wa injini, na ya pili mafundi wengi huisahau. Yangu nilipoifungua haikutoa kitu. Nilichokonoa kwa waya wa nguo kwa muda mrefu, nikiwa nimelala chali juu ya mkeka, ndipo ukaanza kutoka uji mzito wa rangi ya wimbi, kutu na chokaa na bizari pamoja, ukaingia kwenye beseni na nusu yake kwenye shingo yangu. Kisha niliivua nyumba ya thamostati, nikaingiza mpira wa bustani na kusukuma maji kwa kinyume cha njia yake ya kawaida, na nilihesabu dakika arobaini kabla ya maji kutoka meupe. Kama ningeiruka hatua hiyo, uji ule wote ungeishia katika mirija mipya ya shilingi 22,000.

Kwa atakayeishusha rejeta ya Series III mwenyewe, kazi si ngumu, ila nati zina kutu. Nilizilowesha kwa mafuta ya kulegeza siku mbili kabla, na bado mbili zilikatika. Ondoa boneti kabisa, mwite mtu wa kukusaidia. Piga picha za mipira na nyaya kwa simu kabla hujagusa kitu. Kata mpira wa chini kwa kisu badala ya kuuvuta, maana ukiuvuta kwa nguvu unapinda bomba la tangi, na mpira wenyewe unapaswa kubadilishwa kwa vyovyote. Mipira yote na klipu zilinigharimu shilingi 3,800. Ukuta wa bati unaoizunguka feni, ambao fundi fulani wa zamani wa ami alikuwa ameutupa, nilitengenezewa na mfua bati kwa shilingi 1,500, na hakuna kipande cha bei ndogo kilicholeta faida kubwa kama hicho, kwa kuwa gari likisimama kwenye foleni, bila ya ukuta huo feni huvuta hewa ya moto ya injini badala ya kuvuta ya mbele.

Kifuniko kilinipeleka dukani mara mbili. Mwenye duka alinipa cha gari la Kijapani cha ratili 15, kikaingia vizuri kabisa, naye akasema chenye nguvu zaidi ni bora zaidi. Nilikirudisha. Rejeta na mipira ya gari hili havikutengenezwa kwa msukumo huo, na kitakachopasuka kwanza ni kile dhaifu kuliko vyote. Cha ratili 9 nilikipata kwa shilingi 450. Thamostati mpya ya nyuzi 82, kwa shilingi 1,200, niliifunga uzi nikaining'iniza ndani ya maji ya sufuria juu ya jiko, bila ya kuiacha iguse chini, nikaangalia inavyofunguka pamoja na kipimajoto cha maabara ya shule. Mke wangu aliruhusu jaribio hilo kwa sharti kwamba sufuria isiwe ya wali. Nimezipima mbili tangu hapo kwa ajili ya wenzangu, na moja, mpya ndani ya boksi lake, haikufunguka hata maji yalipochemka.

Sasa maji yenyewe. Watu huniuliza maji ya rejeta ya nini na sisi hatujui barafu. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi chache, na ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni dawa za kuzuia kutu zilizomo. Nilichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa jumla lita kumi hivi, kwa shilingi 2,900. Hapa pana mitego miwili. Kuna chupa zinazouzwa ambazo ni maji na rangi ya kijani tu, kwa hiyo soma kibandiko, na kisipotaja glikoli, ile kemikali inayozuia kuganda, iache dukani. Na ukiomba "maji ya betri" kwa kudhani utapewa maji safi, hakikisha hukupewa tindikali, kwa sababu vyote viwili huitwa hivyo na chupa zake hufanana. Halafu glikoli ni tamu na ni sumu. Kiasi kidogo kinamuua paka, na mtoto hawezi kuitofautisha na sharubati. Beseni langu la kumwagia nililifunika na kulitoa uani usiku huo huo.

Geji nayo nimeacha kuiabudu. Katika Series III geji ya joto na ya petroli hupokea umeme kutoka kidhibiti kimoja kidogo kilicho nyuma ya dashibodi, na kikiharibika zote mbili hudanganya kwa pamoja. Nikiona joto limepanda, jicho la pili linatazama petroli: ikiwa nayo imepanda bila ya mimi kupita kituoni, ninamshuku mjumbe kabla ya kuamini ujumbe.

Niliandika hesabu yote kwenye daftari. Pamoja na nauli za Mombasa za shilingi 1,600, ni shilingi 60,150. Kuvutwa, gasketi, hedi, ufundi wake na rejeta ya rangi nyeusi vilichukua shilingi 26,700 za hizo, na hakuna hata kimoja ambacho kingehitajika kama ningefanya safari ile ya gunia siku nilipoona tone la kwanza.

Marafa nilirudi mwezi wa Juni, mshale ukiwa umetulia katikati kama uliopigiliwa msumari, na nyuma ya gari nikiwa na madumu manne ya maji ya bomba kwa yule mama, ambaye alicheka sana na kunikumbusha kwamba nina deni la dumu moja tu.

Ami alikuja Malindi baada ya Idi kwa ajili ya macho yake. Nilipomwamkia hakukaa, aliomba kwanza apelekwe kwenye gari. Niliwasha, tukalizunguka mtaa mzima wa Shela, tukarudi chini ya mwarobaini, nikazima. Yeye akapapasa njia hadi mbele, akapitisha mkono katikati ya vyuma vya grili, akaweka kiganja chake juu ya rejeta, akakitembeza taratibu kutoka kushoto hadi kulia na kukirudisha, kwa namna ile ile ya mzee wa Mombasa ambaye hajawahi kukutana naye. Alikaa kimya kwa muda.

"Joto limekwenda sawa," alisema. "Lakini bati lako la feni linagusa huku kushoto. Nimelisikia tangu tulipopinda msikitini. Nipe spana ya nusu inchi."